Mkono ni Mwiko

Wadogo zangu wa kaunta, mmeniomba niandike kuhusu kazi kabla sijasahau, kana kwamba kusahau ndiyo shida yangu. Shida yangu ni kukumbuka. Nimestaafu, funguo za stoo nimezirudisha, na bado friji ya jirani ikianza kunguruma ghafla baada ya mgao wa umeme, mikono yangu hurudi kifuani yenyewe. Mume wangu hucheka. Mwacheni acheke, hajawahi kuuza mashine.

Habari za vyeo sitaandika, maana sikuwa navyo vya kusimulia, na za mshahara mnazijua. Nitaandika miaka yangu ya mwisho dukani, kuanzia 2015 hadi 2019, na hasa nitaandika kuhusu woga. Najua mnaniita Mama Thandi Mwoga nikiwa sipo. Nasikia. Mwoga husikia kila kitu.

Kwa wale walioajiriwa juzi: mimi ni mtu wa Morogoro. Nilikuja Johannesburg nikiwa mke wa mtu aliyeishi kwetu uhamishoni, akarudi kwao nchi ilipofunguka, nami nikafuata na masanduku. Watoto wangu wananielewa nikisema Kiswahili, kisha wananijibu kwa Kizulu. Kwa miaka mingi nilisimama upande wa mabomba na koki hapa Rosettenville, nikiuza vitu visivyomng'ata mtu. Mwaka 2015 nikahamishiwa kwenye mashine za sinki, zile zinazofungwa chini ya tundu la maji kusaga mabaki ya chakula. Sikuomba kuhamishwa.

Siku ya kwanza Mzee Tomás alifunga mashine moja kwenye meza ya maonyesho, ndoo chini, mpira wa maji juu. Ninyi mnamjua Mzee akiwa amepoa. Wakati ule alikuwa bado moto, Mreno aliyezeekea mtaa huu huu, anachanganya Kireno, Kiingereza na Kizulu, na kila lugha anaisema kama anaikemea. Alitumbukiza mfupa wa kuku uliobaki kwenye chakula chake cha mchana, akafungua maji, akabonyeza swichi. Meza ilitetemeka. Kwanza ulisikika mfupa ukigonga huku na huku, kisha mngurumo, kisha mlio ukawa laini, kama mtu aliyemaliza kutafuna na sasa anameza. Sikumbuki nilivyotembea, ila nilijikuta nyuma ya masinki ya maonyesho, na mafundi walicheka hadi mmoja akakaa sakafuni.

Mzee hakucheka. Alinifuata kule nyuma, akasema, "Wewe ndiye utakayeziuza. Hawa watamwuzia mtu, kisha waende kula. Wewe utamwuzia, kisha hutalala."

Nikamwambia kwetu wanasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Hakujua ubawa ni nini. Nilipompungia mkono wangu kama ndege, aliutazama ule mkono muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akanipa funguo za kabati la mashine.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba ndani hamna visu. Watu wote hudhani mna visu, na mtu akiambiwa hamna, anapumua na kujiona salama. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Mle ndani mna sahani ya chuma inayozunguka kwa kasi, na juu yake vinundu viwili vinavyocheza, na pembeni ukuta wenye meno madogo. Chakula hurushwa ukutani kikasagwa. Kisu kingekata kidole, na kidole kilichokatwa daktari anaweza kukiokota. Hii haikati. Mzee aliniambia hivyo mara moja tu, nami sikumwomba arudie.

Jambo la pili ni ile desturi mliyoikuta na ambayo mnaifanya kwa kunung'unika. Kila jioni, kabla mtu hajatoka, Mzee husimama mlangoni na kuuliza, "Kumi?" Ni neno pekee la Kiswahili analolijua, na sijui nani alimfundisha. Unainua mikono, anaona vidole vyote, unakwenda zako. Fundi akirudi kutoka kwa mteja, kabla hajanywa maji: Kumi? Kumi. Vijana huona ni utoto. Sijawahi kumwuliza Mzee alianza lini, wala kwa sababu ya mkono wa nani. Mambo mengine mwoga haulizi.

Sasa kuhusu kumchagulia mtu mashine. Wateja huja wakiuliza nguvu za mota, kana kwamba wananunua gari. Mimi nilianza na swali lingine: Mnakula nini? Kuna bwana mmoja Msomali wa Mayfair, muuza vitambaa aliyekulia Nairobi, aliyeingia akiwa na haraka ya mwadhini.

"Nipe ile kubwa kabisa," alisema. "Sisi ni watu wa mbuzi."

"Mifupa ya mbuzi itakwenda kwenye pipa, bwana. Ya kuku inasagika. Ya mbuzi itakuvunjia mashine au itakuzibia bomba. Nani huosha vyombo?"

"Wanawake."

"Wangapi?"

Ikabidi apige simu nyumbani kuuliza. Aliporudi kwenye kaunta alikuwa mpole, maana alikuwa amejifunza jambo kuhusu nyumba yake. Mikono mingi ndiyo hesabu yangu ya kweli, kuliko mifupa. Nyumba ya mtu mmoja, mashine yoyote. Nyumba ya watu wengi, mmoja ana mkono ndani ya tundu na mwingine anapita akitafuta swichi ya taa.

Ndiyo maana nilimwuzia yule bwana mashine ya kifuniko. Mashine ziko za namna mbili, na mkisahau yote niliyoandika msisahau hili. Ya kwanza huwashwa kwa swichi ya ukutani, na tundu lake liko wazi muda wote. Ya pili haina swichi ya ukutani. Unaweka mabaki ndani, unaweka kifuniko, unakizungusha, ndipo inawaka. Kifuniko kikiwa mkononi mwako, mashine imekufa. Tundu ni moja, na kifuniko na mkono haviwezi kukaa humo pamoja. Inachosha kidogo, inasaga kidogo kidogo, na wateja huiona ya kizee. Mimi niliipenda kuliko koki zote nilizowahi kuuza.

Tena ilikuwa miaka ya mgao. Mwanzoni mwa 2015 umeme ulikatwa kwa zamu, leo mtaa huu, kesho ule, na mgao ndio ulionifundisha kuogopa kwa utaratibu. Fikirini. Mashine ya swichi inasaga, umeme unakatika, mlio unakoma. Nani anakumbuka kuzima kitu ambacho tayari kimenyamaza? Swichi inabaki chini, imewashwa, na mashine inakaa kimya kama paka mbele ya shimo la panya. Baada ya saa mbili umeme unarudi bila kubisha hodi. Nilikuwa nabandika ratiba ya mgao kando ya kaunta, na kila mtaa uliokuwa na mteja wangu niliupigia mstari. Walionicheka walicheka. Saa ya mtaa fulani kurudishiwa umeme ilipofika, niligeuka kutazama saa, hata kama nilikuwa nampimia mtu bomba.

Sikuogopa mashine tu, msinielewe vibaya. Mwaka ule ule yalichomwa maduka ya wageni, nasi tulijifunza kunyamaza ndani ya teksi ili Kiswahili kisitusaliti. Lakini woga wa watu sikuwa na dawa yake. Woga wa mashine niliweza kuufanyia kitu, basi nikaufanyia.

Kitu chenyewe kilikuwa mwiko. Nilinunua miko ya mbao sokoni, mirefu, ile ya kusongea ugali, na kila aliyenunua mashine ya swichi nilimpa mmoja. Nilimwambia aufunge kwa kamba kwenye koki. Kitu kikinasa, tumia mwiko. Kikianguka, tumia mwiko. Kwa wanaojua Kiswahili nilikuwa na maneno yangu: mkono ni mwiko, na mwiko ndio mkono. Wengi walicheka, wakachukua, wakaenda kusongea ugali. Ukame ulipokuja mwaka uliofuata, tukaombwa kubana maji, kazi ikawa kuwaeleza watu kwamba mashine hii bila maji mengi ya baridi ni bure. Mgao nao ulipumzika. Nilidhani nitastaafu kwa amani.

Mwaka 2019 mgao ukarudi, na akaja Mama Espérance.

Alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu, mwembamba, utepe wa kupimia shingoni kama mtu mwingine avaavyo rozari. Alikaa Bellevue, kwenye mojawapo ya zile nyumba kubwa za zamani zilizogawanywa vyumba, familia hii chumba kimoja, familia ile kingine, jiko moja kwa wote. Alishona pale pale chumbani, na kwa mikono ile alilisha watoto watatu na mama mzazi aliyebaki Bukavu.

"Mama Thandi, panya iko inacheza mpira mu jikoni yetu," aliniambia. "Gari ya taka haikuye tangu wiki ingine. Bosi wa nyumba anasema tutie machine."

"Mnakula nini?"

"Fufu. Sombe. Samaki. Kuku kama Mungu anasaidia."

Nilishika kichwa. Fufu, ugali wao wa muhogo, ikiingia kwenye bomba na maji kidogo huvimba na kuwa saruji. Nyuzi za sombe, yaani kisamvu, hujifunga kwenye vinundu kama uzi kwenye bobini. Nilimweleza hivyo, naye kwa sababu ya bobini akaelewa mara moja. Nikamwambia vitu hivyo viende kidogo kidogo, maji ya baridi yakimwagika kwa nguvu. Kisha nikamwonyesha mashine ya kifuniko na kumwambia kwamba kwa jiko la watu wengi sina nyingine ya kumshauri.

Akampigia simu mwenye nyumba. Nilizungumza naye mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. "Mama, pale wanakaa watu kama shule," alisema. "Kifuniko kitapotea siku ya kwanza, na bila kifuniko mashine yako ni chungu tu. Wape ya swichi." Na kusema kweli alikuwa na hoja, maana kifuniko kikipotea kwenye nyumba ile kingeonekana sokoni kikiuzwa kama kisahani. Nilibishana naye mpaka akanishukuru kwa sauti ya kuaga. Jiko ni lake, uamuzi ni wake.

Nilipokuwa nafunga boksi mikono yangu ilitetemeka, na Mama Espérance akaona.

"Mama, mbona unatetemeka? Ni machine tu."

"Naogopa."

"Unaogopa nini, na itakaa kwangu?"

"Naogopa kwa ajili ya mikono yako."

Aliitazama mikono yake, kisha akanitazama usoni, akaangua kicheko kizuri sana. Nikampa mwiko. Nikamwapisha, nusu kwa mzaha, kwamba chochote kikianguka mle ndani atanipigia simu kwanza. "Eish, huyu mama," alisema akiondoka na mwiko begani. "Kwetu mwiko ni ya fufu. Yeye anaifanya askari."

Aliyekwenda kuifunga ni Baba Amani, fundi wetu Mrundi, mnayemjua nyote kwa kupiga miluzi. Alirudi jioni. Kumi? Kumi.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri ya kawaida. Kwetu umeme ulikuwepo, Bellevue ulikuwa umekatwa, niliona kwenye ratiba yangu. Simu ikalia.

"Mama Thandi, kijiko imeanguka mu machine. Niko naiona, iko inanichekea. Koleo haifike."

"Swichi imezimwa?"

"Ndiyo mama, imezimika."

"Una hakika imezimika?"

"Imezimika kabisa. Tangu saa ile."

"Hata hivyo usitie mkono. Chukua mwiko."

"Mwiko sijue nani aliipeleka. Ngoja, nitatia mkono mbio mbio, niitoshe inje tu. Ni kijiko ya chai, mama, usi—"

Simu ikakatika. Nikapiga, haikuita. Mgao ukikaa sana minara ya simu nayo huishiwa nguvu, na Bellevue ilikuwa imeshakaa gizani muda wote wa zamu yake. Nilijiambia: tulia, mwanamke, swichi imezimwa, amekwambia mara mbili. Nikarudi kwa mteja aliyetaka kichwa cha bafu. Nikamwonyesha vichwa vya bafu. Nilikuwa natetemeka, lakini mimi kutetemeka ni kawaida, hakuna aliyeuliza.

Ndipo Baba Amani akaingia kutoka kazini mjini, amekasirika, hata miluzi hana. "Leo mji imekufa," alisema akitupa begi la vifaa. "Taa za robot imezimika, watu wanagongana. Simu imezimika. Umeme imezimika pande zote za kule."

"Umesemaje?"

"Nasema umeme imezimika."

Umeme imezimika. Mimi, mtu wa Morogoro, ningesema umeme umezimika, na swichi imezimika. Ile herufi ya mbele huniambia kitu gani kinasemwa, hata kisipotajwa, na sijawahi kuifikiria kama vile sifikirii kupumua. Lakini wenzetu wa Bukavu na Bujumbura hawana shida hiyo. Kwao swichi ni i, simu ni i, umeme nao ni i. Nilipouliza habari ya swichi, Mama Espérance alinijibu habari ya umeme. Imezimika kabisa. Tangu saa ile. Saa ya mgao! Hakuwa amegusa swichi. Ilikuwa chini, imewashwa, inasubiri, na mkono wake uko mle ndani ukitafuta kijiko cha bati ambacho hata mwizi asingekiokota.

Nikatazama ratiba. Umeme wa Bellevue ulikuwa karibu kurudi.

Sikumbuki nilipiga kelele gani, ila yule mteja aliacha kichwa cha bafu akatoka. Mzee Tomás alitoka ofisini kwake. Nilijaribu kumweleza kwa Kiingereza, maneno yakanikimbia, nikamwonyesha mkono wangu na kuukunja. Hakuuliza la pili. Alichukua funguo za bakkie, lile gari letu la mizigo, tukaondoka hata duka hatukulifunga.

Nimepita barabara ile mara nyingi, kutoka Rosettenville kupanda kuelekea Yeoville, jirani na Bellevue. Siku ile ilikuwa ndefu kama adhabu. Karibu na mjini robot, yaani taa za barabarani, zilikuwa zimezimika, magari yamefungana njia panda, kila dereva ana haki yake na hakuna anayetoa ya mwenzake. Nilikuwa napiga simu, haiiti. Nikiitazama mikono yangu mapajani niliiona ni ya kwake. Nilimwona akishika sindano. Nilimwona akijaribu kushika sindano na hana cha kushikia. Nikaomba dua zote nilizofundishwa, na nilipomaliza nikaanza upya, na katikati ya dua nilikuwa nahesabu vidole. Mzee alishika usukani kwa mikono miwili, akasogea kwa inchi, akipiga honi na kutukana kwa Kireno, machozi yakimtoka. Sikuyataja machozi yale wakati ule, nayataja sasa.

Tulikuwa tumeshapanda mlima, tumebakiza mitaa michache, robot ya mbele yetu ilipowaka. Nyekundu. Ile ya mbele yake ikawaka pia, na ya mbele yake. Kwa kinyozi mmoja muziki ukaanza katikati ya wimbo. Watu barabarani walishangilia kama wanavyoshangilia kila mara, madereva wakapiga honi za furaha, na mtoto mmoja akaruka ruka kando ya njia. Mimi nililia kwa sauti. Sijui kama mmewahi kuona furaha ya mtaa mzima na mkajua peke yenu ni ya nini. Mzee Tomás, ambaye husimama kwenye robot hata usiku wa manane bila gari lingine, aliipita ile nyekundu bila kupunguza mwendo.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Wapangaji walikuwa wamejaa mlangoni mwa jiko, wamenyamaza wote, na watu wa nyumba kama zile hawanyamazi bila sababu. Niliwasukuma. Sakafu ilikuwa na maji, na juu ya maji kulikuwa na vipande vya mti, vyembamba, vingi, vimetapakaa mpaka ukutani. Swichi ilikuwa imezimwa sasa, mtu amebandika kipande cha plasta juu yake. Mama Espérance alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amejifunika kitenge kuanzia mabegani, mikono haionekani. Macho yalikuwa yanatazama sinki.

Sauti ilinitoka ndogo sana. "Kumi?"

Hakuelewa. Angeelewaje? Nikapiga magoti majini mbele yake, nikainua mikono yangu yote miwili, vidole wazi, kama tunavyofanya mlangoni kila jioni. Alinitazama. Kitenge kikatikisika, na mikono ikatoka polepole, kwanza wa kushoto, kisha wa kulia. Nilivihesabu kwa kuvigusa kimoja kimoja. Kisha nikarudia, maana sikuiamini hesabu yangu. Vilikuwa baridi, na vyote vilikuwepo.

Nyuma yangu Mzee Tomás aliegemea friji akafunika uso.

"Nilikuwa nimekwisha kutia mkono," Mama Espérance alisema alipopata sauti. "Mpaka hapa." Akajigusa kifundo cha mkono. "Niligusa kijiko kabisa. Njo nikakumbuka sura yako. Ile siku, ukifunga boksi, vile ulikuwa unatetemeka. Nikajiuliza, huyu mama, machine si yake, mkono si yake, na anaogopa hivi? Woga ikaniingia. Nikatosha mkono inje. Nikapita vyumba vyote nikitafuta ile mwiko, nikaipata kwa jirani yangu Mama Gloire, anasonga nayo. Nikaitia. Ikalia." Alifumba kiganja kama aliyeshika mpini. "Ikaikula, mama. Ikaikula mu mkono yangu."

Kipande kilichobaki kilikuwa bado kwenye tundu, mpini tu, umepasuka hadi mahali alipokuwa ameushika. Kijiko kilikuwa kimekunjwa kama karatasi.

Sikumkemea. Nilikaa naye majini, nikamshika ile mikono, tukalia wote wawili, na Mama Gloire akaleta chai ambayo haikuwa na kijiko cha kukorogea. Mwenye nyumba alifika jioni, akauona mpini, akanunua mashine ya kifuniko bila kujadili. Kifuniko chenyewe wanakifunga kwa kipande cha kitenge kwenye bawaba ya dirisha, mshono wa Mama Espérance, na mpaka leo hakijapotea.

Basi, wadogo zangu, mteja akipiga simu msimwulize kama imezimwa. Mwulizeni nini imezimika, akitaje kwa jina, na kama ni swichi mwambieni aende akaiguse kwa kidole huku mnasikiliza. Kunyweni maji mkisubiri. Mtu akiwacheka, kumbukeni kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio, na mimi nilivisikia vyote viwili siku moja, barabara moja.

Nilistaafu mwisho wa mwaka ule ule. Mlikuwepo, mlikula keki. Ila hamkuona mwisho wake, kwa sababu mlikuwa mmeshaenda kuwahi teksi kabla ya mgao. Mama Espérance alikuja na gauni alilonishonea, kola yake imepigwa mkono, sindano kwa sindano, alitaka niione kazi ile kwa karibu. Nikalikunja, nikachukua mkoba wangu, tukaenda mlangoni. Mzee Tomás alikuwa amesimama pale pale anaposimama.

"Kumi?"

Nikainua mikono. Kando yangu Mama Espérance naye akainua yake, hakuambiwa na mtu. Mzee alitazama yangu, akahesabu kwa midomo, kisha akatazama ya Mama Espérance kwa muda mrefu zaidi. Alitaka kusema jumla yake, nikaona anaitafuta, lakini Kiswahili chake kilikuwa kimeishia pale pale.

"Kumi," alisema. "Kumi." Kisha akatufungulia mlango.